Ferguson ya kijivu haiwaki: namna ya kuifuata cheche kutoka betri hadi plagi

Mara ya kwanza kubadilisha pointi (vile vipande viwili vidogo vinavyofunga na kukata umeme wa koili) za Ferguson ya baba ilikuwa mwanzoni mwa masika, shambani kwetu Karatu. Jioni ile ile trekta likakataa kuwaka. Nikasafisha plagi, wapi. Nikanunua koili mpya, wapi. Nikachukua fedha ya mbegu nikanunua betri, stata ikazunguka kwa nguvu, na bado hakuna moto. Siku ya tisa baba akamwita mzee mmoja fundi wa zamani. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akapanda moja kwa moja kwenye kiti bila hata kufungua boneti. Akawasha swichi, akaniambia, "Mwanangu, zungusha hendeli polepole." Nikazungusha. Macho yake yalikuwa kwenye geji ya chaji tu. Mshale ulikuwa umelala upande wa kutoa umeme, umetulia, hauchezi.

"Umeme unapita muda wote," akasema. "Unaingia ethi kabla ya kufika kwenye pointi. Nani alifunga pointi hizi?"

Nilizifunga mimi. (Ethi ni chuma cha trekta lenyewe, ambacho umeme hukipitia kurudi kwenye betri.) Alipofungua kifuniko cha distributa alinionyesha kihami kidogo cha plastiki, yaani kizuia umeme, kikubwa kama punje ya dengu, ambacho nilikuwa nimekipanga chini ya vichwa vya nyaya badala ya juu yake. Koili ya zamani ilikuwa nzima. Betri ya zamani ilihitaji kuchajiwa tu.

Kwa hiyo ninachokuandikia hapa kina kanuni moja: usinunue kifaa chochote kabla hujapima. Kwenye injini hizi cheche ina njia moja, na njia hiyo unaweza kuifuata hatua kwa hatua kwa balbu na vipande viwili vya waya.

## Trekta lenyewe

Ninazungumzia Ferguson TE20, zile ndogo za kijivu zilizotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956. Zilitoka zaidi ya 500,000. Ndizo hizo hizo ambazo mpanda milima Edmund Hillary na wenzake waliziendesha kwenye barafu hadi Ncha ya Kusini mwezi Januari 1958, wakiwa wamezivisha mikanda kama ya kifaru kuzunguka magurudumu, kwa hiyo mtu akikuambia mfumo wake wa moto ni dhaifu, usimsikilize. Ukitunzwa hauna neno.

Zipo za petroli, zipo za kuanza na petroli kisha kuhamia mafuta ya taa, na baadaye zikaja za dizeli. Ya dizeli haina plagi wala koili, kwa hiyo mwongozo huu hauihusu. Kama una trekta jingine la petroli la miaka hiyo lenye betri, koili na distributa, karibu kila kitu hapa kitakufaa, ila vipimo na mpangilio wa kuwaka utavitafuta kwenye kitabu chake.

Kabla ya yote, jua mambo mawili kuhusu umeme wa trekta lako.

La kwanza ni volti. Za mwanzo kabisa, zenye injini ya Continental, zilikuwa na betri ya volti 6. Za baadaye zikawa na volti 12. Hesabu vifuniko vya betri: kila seli ni volti 2, kwa hiyo vitatu ni 6 na sita ni 12. Betri za volti 6 ni shida kupatikana kwetu, na matrekta mengi yamebandikwa ya 12 bila mtu kukumbuka koili. Hilo tutalirudia, kwa sababu linaua pointi nyingi kuliko uzee.

La pili ni kwamba nyingi ya Ferguson hizi zina ethi chanya. Yaani waya mnene unaokwenda kwenye bodi ya trekta unatoka kwenye nguzo ya jumlisha, si ya kutoa kama kwenye gari la siku hizi. Fundi asiyejua hufunga betri kinyume, dainamo ikachanganyikiwa, na wakati mwingine cheche ikadhoofika bila yeye kuelewa kwa nini. Angalia waya wa ethi ulipofungwa, usiamini rangi. Na ukitaka kufungua betri, anza kufungua upande wa ethi, upande wowote utakaokuwa, ili spana ikigusa chuma isilete cheche.

## Cheche inazaliwaje

Umeme unatoka kwenye betri, unapita geji na swichi, unaingia koili, unatoka koili na kwenda kwenye pointi ndani ya distributa. Pointi zikiwa zimefunga, umeme unapita na kuingia ethi, na koili inajaa sumaku. Kamu ya distributa (shafti yenye ncha nne) ikizitenganisha pointi, njia inakatika ghafla, sumaku inaporomoka, na koili inatema umeme wa maelfu mengi ya volti kupitia waya wake mnene wa katikati. Rota, kijipande kinachozunguka chini ya kifuniko cha distributa, inaupokea na kuupeleka kwenye plagi inayostahili. Kondensa iko pembeni ya pointi kazi yake ikiwa ni kuhakikisha mkato huo ni wa ghafla, umeme usirukie kati ya pointi na kuziunguza.

Injini ya silinda nne ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, pointi hufunguka mara 4,000 kwa dakika hiyo hiyo. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini ninazishuku pointi kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa hiyo kuna pande mbili: upande wa umeme mdogo (betri, swichi, koili, pointi, kondensa) na upande wa umeme mkubwa (waya wa katikati, kifuniko, rota, nyaya za plagi, plagi). Kipimo kikuu cha kwanza kinakuambia ubovu uko upande gani. Usianze kufungua hovyo kabla hujalijua hilo.

## Vifaa

Balbu ndogo ya pikipiki ya volti zinazolingana na betri yako, iliyochomelewa nyaya mbili zenye urefu wa mkono. Bisibisi yenye mpini mkavu wa plastiki. Fila geji, yaani vibapa vyembamba vya kupimia nafasi. Msasa laini, namba 400 au zaidi. Kitambaa safi, petroli kidogo ndani ya kifuniko cha chupa, na kadi ngumu ya karatasi. Testa ya namba inasaidia kwenye koili, lakini kazi nyingi balbu inatosha, na balbu ina sifa moja ambayo testa haina: inahitaji umeme wa kweli ili iwake, haidanganywi na waya uliobakiza uzi mmoja wa shaba.

Kwa hendeli, hili si la mzaha: gia iwe huru, kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, na uvute kwenda juu, usisukume kwenda chini. Injini yenye moto uliotangulia (cheche inayokuja mapema mno) inaweza kurudisha teke likavunja mkono.

Stata ya Ferguson, kwa asiyeijua, inaitwa kwa kijiti cha gia chenyewe: unakisukuma hadi alama ya S. Ndiyo maana haiwezi kuwashwa ikiwa kwenye gia.

## Hatua ya kwanza: je, kweli ni cheche?

Angalia ilivyokufa. Injini ikizimika ghafla kama taa, mara nyingi ni umeme. Ikikohoa, ikapoteza nguvu taratibu, ikafufuka kidogo na kufa tena, anza na mafuta: tundu la hewa kwenye kifuniko cha tanki, kichujio, kabureta. Fungua plagi moja baada ya kujaribu kuwasha. Ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki. Ikiwa imelowa, petroli inafika na haiungui.

Kwa zile za mafuta ya taa kuna mtego wake. Ukiizima ikiwa bado kwenye mafuta ya taa, kesho asubuhi kabureta ina mafuta ya taa, injini ni ya baridi, na plagi zitalowa bila kushika hata moto uwe mzuri namna gani. Mwaga yaliyomo kwenye kabureta, rudisha petroli, kausha plagi, ndipo uanze kulaumu cheche.

## Hatua ya pili: betri na ethi

Betri ya volti 12 iliyojaa husoma karibu 12.6 ikiwa imepumzika. Wakati stata inazunguka isishuke chini ya 9.6 au karibu hapo. Ikishuka sana, stata inameza umeme wote na koili inabaki na njaa: injini inazunguka, cheche hakuna. Dalili yake ni trekta linalokataa kwa stata na kukubali kwa hendeli au kwa kusukumwa.

Vua vichwa vya betri, vikwangue hadi ving'ae, halafu fuata waya wa ethi hadi unapofungwa kwenye bodi na ufanye vivyo hivyo. Hapo watu wengi huwa hawafiki. Rangi na kutu chini ya boliti hiyo moja vinatosha kukupotezea siku nzima.

## Hatua ya tatu: kipimo cha geji

Ndicho alichokifanya yule mzee, na mimi sasa huanza nacho kwa sababu hakihitaji kufungua chochote. Washa swichi. Mtu azungushe injini polepole kwa hendeli. Tazama geji ya chaji.

Mshale unapaswa kucheza: pointi zikifunga, unaelekea upande wa kutoa kwa ampea tatu au nne hivi, zikifunguka, unarudi sifuri. Ukiona unacheza hivyo kwa mpangilio, upande wa umeme mdogo uko hai kwa sehemu kubwa. Mengi yaliyobaki ni kondensa na upande wa umeme mkubwa.

Ukikaa sifuri bila kucheza, njia imekatika: swichi, waya, koili iliyokatika ndani, au pointi chafu zisizopitisha. Ukilala upande wa kutoa bila kurudi, umeme unaingia ethi muda wote: pointi hazifunguki, au kitu kinagusa bodi ndani ya distributa, kama yaliyonikuta. Geji ikiwa imekufa, na nyingi zimekufa, endelea na balbu.

## Hatua ya nne: cheche ya koili

Chomoa waya mnene wa katikati kwenye kifuniko cha distributa. Vua kifuniko. Zungusha injini hadi pointi zifunge. Washa swichi. Shika waya ule kwa kitambaa kikavu au koleo lenye mpini wa plastiki, ncha yake iwe milimita 5 au 6 kutoka kwenye chuma kisafi cha injini, mbali na kabureta. Sasa zifungue pointi kwa bisibisi, tik.

Cheche nzuri ni ya buluu, nene, na unaisikia inapasuka. Ukiipata, tatizo liko kwenye kifuniko, rota, nyaya, plagi au taimingi (wakati cheche inapotoka). Ruka hadi hatua ya saba. Cheche ya njano, nyembamba, inayoruka mara na mara, inaashiria kondensa, pointi chafu au koili dhaifu. Pakiwa kimya kabisa, twende na balbu.

## Hatua ya tano: balbu inazungumza

Waya mmoja wa balbu ugusishe chuma kisafi cha injini muda wote. Mwingine ndio unaotembea nao. Swichi iwe imewashwa.

Gusa kwanza mlango wa koili unaotoka kwenye swichi. Koili za zamani za Lucas zimeandikwa SW upande huo na CB upande wa distributa. Balbu isipowaka, usiilaumu koili bado; rudi nyuma: gusa pande zote mbili za swichi, kisha geji, hadi ufike mahali inapowaka. Ubovu uko kati ya mahali inapowaka na mahali isipowaka. Kwetu panya walishawahi kula waya chini ya dashibodi, ganda la nje likabaki zima kabisa kwa macho. Ukitaka uhakika wa haraka, toa waya wa muda kutoka nguzo ya betri isiyo ya ethi moja kwa moja hadi SW. Injini ikiwaka, umeshajua. Kumbuka swichi haitaizima. Utauchomoa waya huo.

Ikiwaka kwenye SW, hamia CB. Weka ile kadi ya karatasi katikati ya pointi ili ziwe wazi. Balbu inapaswa kuwaka. Toa kadi, pointi zifunge: balbu inapaswa kuzimika. Ikifanya hivyo, koili inapitisha na pointi zinafanya kazi.

Ikibaki imewaka hata pointi zikifunga, pointi hazipitishi. Ni uchafu, au ile waya ndogo inayoingia distributa imekatika, au sahani iliyobeba pointi haina ethi nzuri.

Ikibaki imezimika hata kadi ikiwepo, usikimbilie dukani. Chomoa waya wa distributa pale kwenye CB, gusa tena mlango wa CB. Ikiwaka sasa, koili ni nzima na ethi ya wizi iko ndani ya distributa. Isipowaka, hapo ndipo koili imekatika ndani, na hapo tu ndipo unaruhusiwa kununua nyingine.

Ukiwa na testa, koili ya volti 12 husoma ohmu 3 hadi 4 kati ya milango yake miwili midogo. Ya volti 6 husoma karibu 1.5. Fanya hesabu: volti 12 kwenye ohmu 3 ni ampea 4, pointi zinaivumilia. Volti 12 kwenye ohmu 1.5 ni ampea 8, na hizo zinaunguza pointi kwa muda mfupi na kuipikia koili mafuta yake. Hiyo ndiyo habari ya betri ya 12 kwenye trekta la 6. Nunua koili ya 12, au weka rezista ya karibu ohmu 1.5 kabla ya koili. Na kila trekta, la volti yoyote: usiache swichi imewashwa injini ikiwa imezimwa. Pointi zikisimama zimefunga, koili inachemka kimya kimya ukiwa unakunywa chai.

## Hatua ya sita: pointi na kondensa

Hapa chukua muda wako, kwa sababu makosa mengi yamelala hapa.

Zitazame kwanza kwa mwanga wa pembeni. Zinapaswa kuwa za kijivu, sawasawa. Utando mweusi ni mafuta au kutu ya kukaa msimu mzima. Kijinundu upande mmoja na shimo upande wa pili ni alama ya kondensa. Trekta lililolala miezi minne kisha likakataa kuwaka, nusu ya safari dawa yake ni kupitisha msasa laini mara tatu nne, kisha kipande cha karatasi safi katikati ya pointi zikiwa zimefunga, ukikivuta hadi kitoke bila doa. Chembe ya msasa ikibaki ni kihami; karatasi ndiyo inayoiondoa. Na pointi mpya kutoka kwenye pakiti zina mafuta ya kuzikinga: zifute kwa petroli kabla ya kufunga. Wengi hufunga zilivyo na kusema pointi za siku hizi mbovu.

Nafasi. Zungusha injini hadi kisigino cha pointi kikae juu kabisa ya ncha ya kamu. Kwa distributa hizi za Lucas nafasi ni kati ya milimita 0.30 na 0.40 kulingana na toleo. Ukiwa huna kitabu weka 0.35. Fila geji iingie kwa kukwaruza kidogo, isisukume. Kaza, kisha pima tena, kwa maana kukaza kunasogeza. Halafu pima kwenye ncha zote nne za kamu. Zikitofautiana sana, shafti ya distributa inacheza, bushi zimekwisha, na hakuna nafasi utakayoiweka ikatulia. Paka grisi kiasi cha kichwa cha njiti kwenye kamu, isizidi. Ikizidi inaruka kwenye pointi.

Sasa kile kihami. Kwenye pointi za mtindo wa zamani kuna kijiti cha chuma kilichosimama, ambacho ni ethi. Chini kinavaa washa ya kuhami, juu yake unakaa mkunjo wa springi ya pointi, kisha kichwa cha waya wa kondensa na kichwa cha waya unaotoka koili, halafu kile kihami cha plastiki chenye shingo kinachopenya katikati yao vyote, na mwisho nati. Springi na vile vichwa viwili lazima viguse kimoja na kingine, na hata kimoja kisiguse kijiti wala nati. Mimi niliweka vichwa vya nyaya juu ya plastiki, chini ya nati moja kwa moja. Umeme wote ukateremka kwenye kijiti. Ukimaliza kufunga, weka kadi kati ya pointi na uguse springi kwa balbu: ikiwaka, umefunga vizuri.

Kondensa haina kipimo kizuri cha shambani zaidi ya kubadilisha na nyingine unayoijua kuwa nzima. Dalili zake ni cheche ya njano kwenye koili na mwako mkubwa wa buluu kati ya pointi zenyewe injini ikizunguka. Kabla ya kuitupa, kaza skrubu yake: skrubu hiyo ndiyo ethi yake, ikilegea kondensa haipo. Ukipata ya zamani inayofanya kazi, itunze. Mpya za bei rahisi nimeona zikifa ndani ya wiki.

## Hatua ya saba: upande wa umeme mkubwa

Kifuniko kifute, ndani na nje, kwa kitambaa kikavu. Tafuta nywele nyeusi za kaboni kati ya vichwa vya shaba. Umeme ukishapita hapo mara moja, utapita tena, na kukwangua hakusaidii sana. Bonyeza kile kikaboni cha katikati: kinapaswa kurudi juu kwa springi. Kikiwa kimekwisha au kimekwama, hakigusi rota.

Rota inaweza kutoboka bila kuonekana, umeme ukashukia kwenye shafti. Ipime ikiwa mahali pake: shika waya mnene wa koili milimita chache juu ya shaba ya rota, fungua pointi kwa bisibisi kama mwanzo. Cheche ikirukia rota kwa nguvu, rota imetoboka, kwa sababu ikiwa nzima umeme hauna pa kwenda.

Nyaya za plagi ninazozipenda ni za shaba halisi ndani, si za kaboni. Njia bora ya kuzikagua ni usiku. Washa injini gizani, simama pembeni mikono mfukoni, utazame. Waya uliochoka utauona: nukta za buluu zinatembea juu yake kama vimulimuli, hasa ukungu wa Karatu ukiwa umeshuka.

Plagi: sugua, kausha, weka nafasi ya milimita 0.6 hadi 0.75. Bapa la msumeno wa chuma lina karibu 0.64, na kadi ya benki ina 0.76, kwa hiyo huna kisingizio cha kukosa geji.

Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, silinda ya kwanza ikiwa ile ya upande wa rejeta. Tazama rota inazungukia upande gani, upange nyaya kufuata upande huo. Nyaya mbili zikibadilishana, injini itatema moto kwenye kabureta au ekzosi, nawe utadhani ni taimingi.

## Hatua ya nane: taimingi

Igusie tu kama distributa imechomolewa au boliti yake imelegea. Fungua plagi ya kwanza, ziba tundu kwa kidole gumba, zungusha polepole hadi upepo uking'oe kidole. Hapo pistoni inapanda kwenye mgandamizo. Endelea kidogo kidogo hadi alama ya flaiwili (lile gurudumu zito la nyuma ya injini) inayotajwa kwenye kitabu chako. Rota iwe inatazama waya wa plagi ya kwanza. Balbu iweke kati ya CB na ethi, washa swichi, legeza distributa. Igeuze upande ule rota inakozungukia hadi balbu izimike, kisha irudishe polepole kinyume hadi sekunde ile balbu inapowaka. Kaza hapo hapo. Hendeli ikirudisha teke, umetanguliza moto mno. Injini ikiwa nzito, ikichemsha na ekzosi ikiwa nyekundu, umechelewesha.

## Ile inayokufa ikipata joto

Ugonjwa huu unaumiza mkulima kuliko mwingine: asubuhi inalima vizuri, saa nne jua likipanda inakufa, ukipumzika nusu saa inawaka kama haijawahi kuumwa. Ukiipima ikiwa imepoa, kila kitu kizima. Kwa hiyo ipime pale pale ilipokufia, dakika hiyo hiyo, katikati ya mtaro. Hatua ya nne, cheche ya koili. Cheche ikiwepo na ni ya buluu, fungua kifuniko cha tanki usikilize kama inavuta pumzi, ni mafuta. Cheche ikiwa haipo au imefifia, shika koili. Ikiwa haishikiki kwa joto, ifunike kitambaa kilicholoweshwa maji, ukiviepusha vichwa vya nyaya, subiri dakika chache, pima tena. Cheche ikirudi, ni koili. Isiporudi, badilisha kondensa hapo hapo shambani.

Ndiyo maana kwenye kisanduku cha trekta letu, chini ya kiti, kuna kopo la maziwa lenye kondensa moja iliyothibitishwa, pointi zilizofungwa kwenye karatasi ya mafuta, plagi moja, kile kihami cha plastiki cha akiba, na balbu ya pikipiki yenye nyaya mbili ambayo yule mzee aliniachia.